Nilinyang'anywa gari Minnesota, nadaiwa na kausha damu Mbezi: nitapata kibali cha usalama?

*"Shikamoo mtaalamu. Nilizaliwa Temeke, nikaenda Marekani nikiwa na miaka 19, na uraia wa huko nikaupata mwaka 2015. Nilikuwa nafanya kazi ya ghala Minnesota. Mwaka 2020 kazi zilisimama kwa ajili ya korona, nikashindwa kulipia gari, benki ikaja kulichukua. Wakaliuza mnadani, kisha wakasema bado nadaiwa dola 6,800. Kadi ya mkopo nayo ina dola 4,300, na kuna bili ya hospitali ambayo hata kiasi chake sikikumbuki. Mwaka 2022 nilirudi Dar kumuuguza mama. Hapa nikakopa kausha damu, ile mikopo ya mtaani yenye riba kali, shilingi milioni 3, nimelipa kama nusu. Sasa kampuni moja ya Kimarekani inataka kuniajiri kusimamia stoo na usafirishaji, ila lazima nipate kibali cha usalama cha daraja la Siri, yaani ruhusa ya serikali ya Marekani ya kushughulika na siri zake. Rafiki yangu aliyeko Texas anasema deni likipita miaka saba linafutika, nisilitaje, na ya huku Bongo nisithubutu kuyasema maana hawana namna ya kuyajua. Mwingine anasema nijitangaze muflisi kwanza ili nianze upya. Nataka kujua jambo moja tu: nijaze fomu ya kuomba hicho kibali, au nitajiaibisha bure?"*

Marahaba, mdogo wangu. Jaza. Ila usiijaze wiki hii, na usiijaze kwa ushauri wa huyo rafiki wa Texas.

Umeuliza kana kwamba kuna mtu ofisini atakayejumlisha madeni yako, aone yamefika dola elfu kumi na moja na ushee, kisha agonge muhuri wa KATAA. Hakuna kiwango kama hicho. Hakuna sheria inayosema mwenye deni la dola elfu tano apite na wa elfu ishirini arudi nyumbani. Hata ile alama ya mkopo, namba inayoonyesha mtu analipaje madeni yake, ambayo Wamarekani huitaja kama tunavyotaja matokeo ya kidato cha nne haina kiwango cha kufaulu kwenye upekuzi huu. Wapo waliopata kibali wakidaiwa mara tano yako, na wapo walionyimwa kwa deni dogo kuliko la gari lako. Tofauti yao haikuwa kwenye jumla. Ilikuwa kwenye yale waliyoyafanya baada ya deni kuwaelemea, na kwenye yale waliyoyasema walipoulizwa.

Wanaolinda siri za serikali wanaogopa mambo mawili tofauti. La kwanza ni kwamba mtu aliyebanwa na madeni anaweza kununuliwa. Aldrich Ames alikuwa ofisa wa shirika la ujasusi la CIA. Talaka ilimwachia madeni, na mwaka 1985 akaanza kuwauzia Wasovieti majina ya watu waliokuwa wakiisaidia Marekani kwa siri. Malipo yake ya kwanza yalikuwa dola 50,000. Alikamatwa Februari 1994 na kuhukumiwa kifungo cha maisha, na baadhi ya watu aliowataja waliuawa. Kila mpekuzi anayesoma faili la mtu mwenye madeni ana kivuli cha Ames nyuma yake. (Haki isemwe, si kila msaliti alikuwa na njaa. Ana Montes, aliyekamatwa mwaka 2001, aliifanyia Cuba ujasusi kwa itikadi, si kwa fedha. Lakini itikadi haionekani kwenye taarifa ya benki, deni linaonekana.)

La pili, na kwa mtu wa aina yako ndilo zito zaidi, ni tabia. Wanajiuliza: huyu alikubali wajibu kwa kutia saini yake, je, aliutimiza? Aliposhindwa alipiga simu au alibadilisha namba? Mtu anayemkimbia mdai wake atafuata vipi kanuni za kutunza nyaraka za siri wakati hakuna anayemwangalia? Kwao deni lako ni dirisha tu, wanachungulia wakuone ulivyo.

Hayo si maoni yangu. Yameandikwa na yako wazi kwa kila mtu. Marekani ina miongozo 13 ya kuamua nani apewe kibali, imepewa herufi A hadi M, na toleo linalotumika lilianza tarehe 8 Juni 2017. Masuala ya fedha yako kwenye Mwongozo F. Isome yote, ni kurasa chache. Utaona kwamba baada ya kuorodhesha makosa ya fedha, inaorodhesha pia mambo yanayoyapunguza uzito. Lilitokea zamani na si rahisi kujirudia. Lilisababishwa na jambo lililo nje ya uwezo wako, kama kupoteza kazi, ugonjwa wa ghafla, kifo, talaka au kuingizwa kwenye mikopo ya kinyonyaji, na wewe ukalikabili kwa busara. Umepata ushauri wa fedha kutoka chombo cha kuaminika. Umeanza kulipa kwa nia njema na unaendelea kulipa. Au una sababu ya msingi ya kulipinga deni, na ushahidi unao.

Rudi sasa kwenye barua yako. Kazi ilisimama kwa ajili ya korona: hilo ni nje ya uwezo wako. Mama aliugua: hilo pia. Kausha damu, naomba usicheke, huenda ikaingia moja kwa moja kwenye hayo maneno ya mikopo ya kinyonyaji, hasa kama aliyekukopesha hana leseni. Hapa kwetu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka kila anayefanya biashara ya kukopesha awe na leseni, na Novemba 2024 Benki Kuu ilifungia programu 69 za mikopo ya mtandaoni zilizokuwa zikifanya kazi bila kibali. Kwa hiyo nusu ya kwanza ya utetezi wako ipo tayari, na ni nzuri.

Nusu ya pili ndiyo inayonitia wasiwasi. Kila mahali mwongozo unaposema "nje ya uwezo wake", mbele yake kuna sharti: *na alichukua hatua za busara*. Korona inaeleza kwa nini ulishindwa kulipa gari mwaka 2020. Haielezi kwa nini miaka yote iliyofuata hukumwandikia mdai hata mstari mmoja, kama kweli hukumwandikia. Wala haielezi kwa nini hujui bili ya hospitali ni kiasi gani. Ningekuwa mpekuzi, hiyo bili usiyoijua ingenisumbua kuliko gari. Gari lina kisa. Bili ni uzembe tu, na uzembe hauna kisa cha kumpa mtu huruma.

Sasa tumshughulikie rafiki yako wa Texas. Amechanganya mambo matatu, na nimeshaona watu wakiangukia hapohapo. Miaka saba ni muda ambao deni baya hukaa kwenye taarifa ya mikopo ya Marekani kabla ya kuondolewa. Ni kuondolewa kwenye karatasi, deni lenyewe halijafa. Jambo jingine ni muda wa kushtakiwa mahakamani, ambao kwa mkataba wa kawaida huko Minnesota ni miaka 6. Ukipita, mdai anaweza kukosa nguvu ya mahakama, lakini waamuzi wa kesi za vibali wameshasema mara nyingi kwamba kukaa kimya hadi muda uishe hakuhesabiwi kuwa ni kulipa kwa nia njema. Jambo la tatu ni swali la kwenye fomu. Fomu hiyo, SF-86, ina sehemu ya 26 inayouliza kuhusu miaka saba iliyopita: je, uliwahi kuchelewa kulipa kwa zaidi ya siku 120, kunyang'anywa mali, au deni lako kupelekwa kwa wakusanyaji madeni? Halafu inauliza kama *sasa hivi* kuna deni lililochelewa zaidi ya siku 120. Deni lako la gari ambalo bado liko wazi linaangukia kwenye hilo la "sasa hivi" hata likifikisha miaka kumi na mitano.

Na ya huku Bongo? Fomu haisemi madeni ya Marekani peke yake. Inasema madeni yako, pamoja na yale uliyomdhamini mtu mwingine. Kama umemwekea saini mwenzako wa kikoba na yeye akatoroka na marejesho, hilo nalo ni lako. Kusema "hawana namna ya kuyajua" ndiko kosa lenyewe. Wapekuzi huzungumza na majirani, waajiri wa zamani, na watu unaowataja mwenyewe. Unajua jinsi wakopeshaji wa simu wanavyowatumia ujumbe watu wote walio kwenye orodha yako ya namba, mpaka fundi cherehani wa mtaani anajua unadaiwa. Hiyo ni siri gani? Hata ingekuwa siri kweli, ingekuwa mbaya zaidi, kwa sababu siri ya aina hiyo ndiyo mtu huishika na kukuambia: nifanyie hiki, la sivyo nasema. Deni ulilolitaja mwenyewe halina mtu wa kukutishia nalo.

Kudanganya kwenye fomu hiyo kuna mwongozo wake, Mwongozo E, na kuna sheria ya jinai ya Marekani inayofika kifungo cha miaka 5. Watu wengi hawakunyimwa kwa sababu ya deni. Walinyimwa kwa sababu ya neno "Hapana" waliloliandika mbele ya swali la deni.

Huyu wa pili, wa kujitangaza muflisi, simlaumu sana. Kufilisika kisheria hakumnyimi mtu kibali moja kwa moja, na kwa mwenye deni la dola laki moja lisilolipika huenda ndiyo njia safi kuliko zote. Lakini wewe? Hata ukiongeza bili hiyo, naamini huo ni mzigo unaoubeba ukiwa na mshahara. Ukifuta kila kitu mwezi mmoja kabla ya kuomba kibali, utasomeka kama mtu aliyepaka chokaa ukuta wenye nyufa. Pia kujitangaza muflisi kwenye mahakama ya Marekani kunahitaji uwe na makazi, biashara au mali huko, na kumbukumbu yake hukaa kwenye taarifa ya mikopo kwa miaka 10. Usiguse njia hiyo kabla hujaongea na wakili wa huko.

Wazee wetu walisema dawa ya deni ni kulipa, nami sina ugomvi nao. Ila katika jambo hili dozi haihitaji kumalizwa ndipo upone. Hakuna anayekutaka ulipe senti zote kabla ya kuomba. Wanataka kuona mpango unaoeleweka na miguu iliyokwisha kuanza kutembea juu yake. Dola 75 zinazotoka kila mwezi kwa miezi minane, na stakabadhi zake, zina uzito kuliko dola 4,000 zilizokopwa kwa shemeji na kulipwa siku mbili baada ya barua ya maswali kufika. Wanaona tarehe. Anayeanza kulipa baada ya kubanwa wanamsoma kama alivyo.

Ndiyo maana nikasema usijaze wiki hii. Anza kwa kuomba taarifa zako za mikopo kutoka kampuni zote tatu za huko, Equifax, Experian na TransUnion. Ni bure. Ukiwa Dar mfumo wa mtandaoni huenda ukaikataa anwani yako, basi waandikie barua ya posta, ukiambatisha nakala ya kitambulisho. Humo ndimo utakamojua bili ya hospitali imeangukia mikononi mwa nani, ikiwa bado imo. Isipokuwemo, piga simu hospitalini. Ukishawajua wadai wako, waandikie. Deni la gari lina nafasi ya kujadiliwa: waombe hesabu ya mnada, gari liliuzwa shilingi ngapi na gharama zipi ziliongezwa, maana hapo huwa kuna makosa. Wakikubali kupunguza, pata makubaliano kwa maandishi *kabla* ya kutuma dola ya kwanza. Kuna majimbo ambako malipo madogo huamsha upya deni lililokuwa limelala. Na ukisamehewa dola 600 au zaidi, mdai anaweza kuiarifu mamlaka ya kodi, na kiasi ulichosamehewa kikahesabiwa kama kipato chako.

Nimetaja kodi. Hukuniuliza, na mara nyingi lisiloulizwa ndilo linaloangusha watu. Raia wa Marekani ambaye kipato chake kimefika kiwango cha sheria anatakiwa kuwasilisha ritani za kodi huko hata akiishi Mbezi Beach na hata kama hajakanyaga Marekani miaka mitatu. Huenda usidaiwe hata senti, kwa sababu kipato cha kazi cha anayeishi nje kina msamaha mkubwa, dola 126,500 kwa mwaka 2024. Lakini msamaha huo unauomba kwa kuwasilisha ritani, haujileti wenyewe. Hukuniambia unaishije hapa. Kama una biashara yako, duka la vipuri au gari la teksi mtandao, faida ya dola 400 tu kwa mwaka inatosha kukulazimu uwasilishe. Na kama siku moja akaunti zako zote za huku kwa pamoja ziliwahi kuzidi dola 10,000, pengine kwa kuuza kiwanja, kuna ripoti nyingine tofauti ya akaunti za nje. Kutowasilisha ritani kumetajwa kwa jina ndani ya Mwongozo F, na machoni pao ni kubaya kuliko gari, kwa sababu anayepuuzwa hapo ni serikali ileile inayoombwa kibali. Dawa ipo: kuna utaratibu kwa waishio nje ambao hawakukusudia kukwepa, wa kuwasilisha ritani za miaka 3 na ripoti za akaunti za miaka 6 kwa mkupuo. Utumie *kabla* ya fomu ya usalama.

Utaulizwa pia kama umewahi kumsaidia kifedha mtu asiye raia wa Marekani. Mama yako ni mtu huyo. Andika "Ndiyo", taja wastani wa kiasi ulichokuwa unatuma. Hakuna anayenyimwa kibali kwa kumnunulia mama dawa, lakini watataka kujua kama ndugu walioko hapa wanaweza kutumiwa kukushinikiza. Ule ni mwongozo mwingine, na wako wengi waliozaliwa nje wanaoupita.

Wengine mtakaosoma hapa mnafikiri haya ni mambo ya Wazungu. Sheria yetu ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995 inamtaka kiongozi atamke mali *na madeni* yake kila mwaka. Fikra ni ileile: anayejulikana anachodaiwa ni vigumu kumshika pabaya. Na kwa wale watakaonipigia kesho kuuliza "na mimi nijaze?": kibali hiki ni cha raia wa Marekani tu, na mtu hajiombei mwenyewe. Mwajiri au idara ndiyo humwombea, na mwombaji halipi hata senti. Kishoka yeyote wa Posta anayekuambia ana mtu ndani wa "kusafisha faili" kwa laki tano, mkimbie.

Nisikufiche ugumu. Kuna kibali cha muda ambacho hutolewa wakati upekuzi unaendelea, na mwenye madeni yaliyo wazi mara nyingi hukikosa hata kama mwishoni atapewa kile kamili. Mwajiri asiyeweza kusubiri atachukua mtu mwingine. Mwambie mapema msimamizi wa usalama wa kampuni hiyo kwamba una madeni na uko kwenye mpango wa kuyalipa, na umuulize kama wanaweza kusubiri miezi kadhaa. Pia hakuna mtu mwenye haki ya kupewa kibali. Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema hivyo mwaka 1988 kwenye kesi ya Egan, na pakiwa na shaka, shaka huenda upande wa usalama wa taifa, si upande wako. Wao husema wanamtazama mtu mzima, na hapo hawana maana ya mzee, bali mtu bila kumkata vipande. Hata hivyo kazi ya kuvileta vipande vyote mezani ni yako.

Ukipokea barua iitwayo Taarifa ya Sababu, yaani wameorodhesha kwa nini wanaelekea kukunyima, hapo usijibu kwa ushauri wangu wala wa mtu yeyote wa gazetini. Kwa wafanyakazi wa kampuni una siku 20 za kujibu kwa maandishi. Tafuta wakili mwenye leseni ya Marekani anayefanya kesi hizi, siku hiyohiyo. Kwa ritani za kodi zilizolala, tafuta mhasibu anayezijua kodi za Wamarekani waishio nje. Kwa kupanga madeni, kuna vyombo vya ushauri wa mikopo visivyo vya kibiashara huko Marekani vinavyoongea na watu kwa simu, na barua yao ina thamani kwenye faili lako.

Kausha damu nimeiacha mwisho kwa sababu ndiyo ya kuanza nayo kesho asubuhi. Hawa jamaa hawatoi stakabadhi, kwa hiyo nenda kaombe taarifa ya miamala ya simu yako tangu siku ya mkopo, uweke alama kila ulipomtumia. Kisha mfuate, uende na mjumbe wa mtaa au mtu mzima mnayeheshimiana naye, mkubaliane baki ni kiasi gani, liandikwe, mtie saini wote watatu. Akileta hesabu za riba zisizoeleweka, usigombane naye barazani, nenda na karatasi zako kwa wakili.

Na swali moja ambalo barua yako haikulijibu: alishika nini kama dhamana? Wengi hushika kadi ya benki. Kama ni kadi, utaipata siku ya kumaliza. Lakini kama ulimwachia pasi yako ya Marekani, mdogo wangu, acha kusoma hapa, kaichukue. Kisheria pasi hiyo ni mali ya serikali ya Marekani, hukuwa na mamlaka ya kuiweka rehani. Akikataa kuitoa, nenda polisi ukaripoti, kisha ubalozini, na uandike tarehe ya kila hatua uliyochukua.